Mama wa mchumba wangu anasema mionzi imenikausha tumbo

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwa mama, Uru, juu kidogo ya Moshi mjini. Zimebaki siku 11 nirudi kazini Ufaransa, na sioni nitaondokaje na mzigo huu moyoni.

Mimi ni binti wa miaka 29, fundi sanifu. Nilianzia VETA hapa Moshi, nikaenda Chuo cha Ufundi Arusha kwa stashahada ya mitambo, kisha nikafanya kazi miaka minne kwenye karakana moja mtaa wa Unga Limited, Arusha, tukichomelea matangi ya maziwa na mabomba ya stenlesi. Baadaye kampuni ya Ulaya iliyokuwa na kazi hapa nchini ikanichukua, na kazi ilipoisha wakanihamishia kwao. Huu ni mwaka wangu wa pili kusini mwa Ufaransa, kwenye mradi wa ITER, ule mtambo mkubwa unaojengwa na nchi nyingi ili kupata nishati kwa kuunganisha viini vya atomi. Sijaajiriwa na ITER wenyewe, niko kwa mkandarasi. Sehemu yetu ni mabomba ya kupoozea: kuyapanga, kuyapima, kuyachomelea, kuyajaribu kama yanavuja.

Kazi hii naipenda, Shangazi. Kabla sijawasha tochi ya kuchomelea navaa glovu mpya, nafuta mdomo wa bomba kwa kitambaa cheupe chenye spiriti, nafuta tena na tena mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Hata kalamu ya kuwekea alama si yoyote tu, lazima iwe isiyo na klorini. Nikimaliza, bomba linafyonzwa hewa yote, mwenzangu anapuliza heliamu taratibu kuzunguka weldi kwa nje, na mashine iliyounganishwa na ndani ya bomba inasubiri kuinusa. Ikikaa kimya, nakwenda kunywa chai roho imetulia. Kipande cha bomba cha mtihani wangu wa kwanza kule, kilichokatwa katikati ili msimamizi aone ndani ya weldi, natembea nacho kwenye mkoba mpaka leo.

Sasa shida yangu. Nina mchumba, mwalimu wa sekondari, kwao Kibosho. Tuna miaka mitatu pamoja. Krismasi hii alinipeleka kwao kunitambulisha, ukoo wote umerudi kutoka Dar na Dodoma, nyumba imejaa. Tulikuwa tunakula machalari. Mama yake akaniambia mbele ya wote, kwa sauti ya upole kabisa: "Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Ila nasikia unafanya kazi kwenye nyuklia. Mionzi ikishakausha tumbo, nani analirudisha?"

Shangazi, sijui nini kilinipanda. Nilijibu: "Mama, hayo ni maneno ya watu wasiosoma."

Chumba kizima kikanyamaza. Mchumba wangu akainamisha kichwa. Baba yake mdogo, ambaye alikuwa fundi mashine kiwandani hapa Moshi mpaka alipostaafu, akawa anazungusha kijiko kwenye kikombe, hakutia neno. Mama akainuka, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza kula.

Baadaye ndiyo nikaambiwa kwamba mama huyo aliishia darasa la nne, na kwamba aliuza ndizi soko la Mbuyuni akasomesha watoto wanne, mmoja wao ndiye huyu wangu.

Tangu siku ile hajapokea simu yangu. Amemwambia mwanawe mambo mawili: kwanza nikapimwe hospitali kama bado naweza kuzaa, cheti kiletwe kabla ya barua ya posa kwenda kwetu, pili niache kazi hiyo. Mchumba wangu ananitetea, lakini kwa sauti ya chini, na jana aliniuliza kama nadhani mama yake anaweza kuwa na hoja.

Kuna jambo jingine dogo. Mkataba wangu ulikuwa uishe mwezi wa tatu. Oktoba nilisaini mwingine wa miezi 18. Nilipanga kumwambia mchumba wangu ana kwa ana, nafasi haijapatikana.

Na la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Tangu nifike kule siku zangu hazina mpangilio. Mwezi huu zinakuja, mwezi unaofuata hazionekani. Mchana najiambia ni uchovu. Usiku nalala macho, nawaza kwamba huenda yule mama ameona kitu ambacho mimi na stashahada yangu sikioni. Naogopa kwenda kwa daktari.

Nifanye nini, Shangazi? Na je, yawezekana kweli?

Fundi wa Mabomba, Uru

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na tumbo, maana ndilo linalokunyima usingizi. Nadhani pia ndilo lililokutoa lile neno mezani. Mtu asiye na hofu angemjibu mama yule taratibu. Wewe aligusa penye kidonda ambacho ulikuwa umekificha hata kwako mwenyewe.

Kabla ya safu hii nilifundisha fizikia sekondari miaka mingi, kwa hiyo univumilie kidogo. Neno nyuklia likitamkwa, watu wanakumbuka ajali za mitambo ya Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011. Kule walikuwa wanapasua atomi nzito za urani, na mabaki yake ndiyo yaliyosambaa. Huko kwenu kinachotafutwa ni kinyume chake: aina mbili za haidrojeni nzito, diteriamu na tritiamu, zipashwe joto hadi nyuzi milioni 150, mara 10 ya joto la kitovu cha jua, mpaka viini vyake viungane na kuwa heliamu. Moto wa namna hiyo hautambai wenyewe kama wa urani. Ukiuvuruga kidogo unapoa na kuzimika. Chumbani humo hukaa gramu chache tu za mafuta kwa wakati mmoja.

Lakini hayo yote ni ya baadaye, na hapa ndipo ninapotaka utulie. Moto huo haujawahi kuwashwa hapo unapofanya kazi. Kwa ratiba waliyoitangaza wenyewe Julai 2024, majaribio ya mtambo yataanza 2034, na kuchoma diteriamu pamoja na tritiamu ni 2039. Tritiamu ndiyo yenye mionzi. Na nyutroni, chembe ndogo zitakazozaliwa wakati huo, ndizo zitakazokitia mionzi chuma cha chumba kile. Leo hakuna hiyo wala hizo. Bomba unalolifuta kwa kitambaa cheupe ni stenlesi tu, ndugu yake lile tangi la maziwa la Unga Limited.

Usije ukamwambia mama wa mchumba wako kwamba mtambo ule hauna mionzi kabisa. Ukishaanza kazi kamili, binadamu hataingia tena ndani ya chumba chake, matengenezo yatafanywa na mikono ya mashine inayoongozwa kutoka mbali. Ndiyo maana ninyi mnaunganisha sasa, kwa mikono, wakati bado mtu anaweza kuingia na kutoka. Akilisikia hilo redioni siku moja wakati wewe ulimwambia vingine, hatakuamini tena hata ukimwambia mvua inanyesha.

Kitu kimoja chenye mionzi kipo kwenye eneo lolote la kazi kubwa ya mabomba: picha za weldi. Wanaopiga picha hizo wanatumia eksirei au kidonge cha iridiamu, wanazungushia kamba, wanawatoa watu, na mara nyingi wanasubiri usiku. Kama hujawahi kuruka kamba hiyo, na najua hujaruka, hesabu yako ni ndogo. Mionzi inayoupata mwili hupimwa kwa milisivati. Sheria ya Ulaya inamruhusu mfanyakazi wa mionzi milisivati 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida 1. Ardhi, hewa, anga na chakula peke yake humpa binadamu wastani wa kama milisivati 2.4 kwa mwaka duniani, ingawa hutofautiana mahali na mahali. Kufunga kabisa uzazi wa mwanamke kwa mionzi kunahitaji kiasi cha milisivati 2,500 na kuendelea, kipigwe kwa mara moja kwenye mayai yake. Mtu aliyepigwa kiasi hicho mwili mzima analazwa hospitali akiwa mahututi. Hasubiri kuambiwa na jirani.

Na sasa nikuulize swali ambalo hukulitarajia. Kule karakana ya Unga Limited, mlipokuwa mnachomelea kwa gesi ya agoni, sindano zenu za tungsteni zilikuwa na ncha ya rangi gani? Kama ni nyekundu, zile zina thoriamu kama asilimia 2, na thoriamu ina mionzi yake. Ukiishika mkononi haikudhuru. Shida ni vumbi lake unapoinoa kwenye grenda bila barakoa, ukalivuta, siku baada ya siku, miaka minne. Hata hilo halikaushi tumbo, ni jambo la mapafu. Lakini nakuambia kwa sababu inawezekana kabisa kwamba mionzi pekee uliyowahi kuivuta kutokana na kazi yako uliivuta hapa Arusha, na hakuna aliyekuuliza kitu. Sindano za lanthanamu, zile za ncha ya dhahabu au buluu, zinafanya kazi ileile, na mafundi wengi Ulaya wamehamia huko. Kama bado una marafiki kwenye karakana ile, wapigie simu wiki hii.

Ninachokihofia mimi juu yako kina majina mengine. Cha kwanza ni moshi wa kuchomelea stenlesi, wenye kromu ya aina mbaya. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Kwa hiyo mrija wa kufyonza moshi uwe jirani na weldi, si jirani na mlango, na barakoa yako iwe inakukaa sawasawa usoni. Cha pili ni ile agoni mnayojaza ndani ya bomba ili weldi isiungue kwa nyuma. Haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa, inatulia kwenye mashimo na sehemu za chini. Mtu anaingia kuokota spana, anapumua mara mbili tatu, anaanguka. Mwenzake anaingia kumvuta, naye anaanguka. Mafundi wamekufa hivyo katika nchi nyingi, kwenye viwanda vya kawaida kabisa. Usiingie mahali pa kubana bila kipimo cha oksijeni hata kama msimamizi ana haraka.

Daktari sasa. Nenda, tena kesho, lakini nenda kwa ajili yako. Siku kuruka zina sababu nyingi za kawaida: zamu za usiku, kupungua uzito, mawazo, tezi ya shingo, na wakati mwingine ni mimba changa ambayo mtu hajaitambua, kwa hiyo hicho kipimo kiwe cha kwanza. Mweleze daktari unafanya kazi gani, na moshi wa nini. Ukirudi Ufaransa, omba kumwona daktari wa kazi. Kule mfanyakazi ana haki ya kumwomba mwenyewe, na siri yako hampelekei mwajiri. Siku ukijijua mjamzito mwambie mapema, kwa sababu sheria za Ulaya zinamtaka mwajiri aipime upya kazi ya mama mjamzito na kumbadilishia iliyo na hatari. Tochi utaiweka chini kwa muda, utakuwa kwenye vipimo na makaratasi. Hilo si kushushwa.

Ama cheti cha uzazi kitangulie barua ya posa, hapo nakataa, na ningekataa mbele ya ukoo mzima. Kumpeleka binti peke yake kupimwa, majibu yasomwe na watu ambao bado hawajawa hata wakwe zake, ni kumfanya ng'ombe wa mnadani. Wanandoa wanaokosa mtoto, mara nyingi tatizo liko kwa mwanamume au kwa wote wawili. Kama mchumba wako anataka kujua, mwende pamoja, mkae kwenye benchi moja, mpimwe wote, na majibu yabaki kwenu. Mwambie hivyo. Utaona hapo ni mwanamume wa namna gani, na mimi nina matumaini naye, maana anakutetea, ingawa ningependa asikike mpaka jikoni.

Sasa lile neno lako.

Mwanangu, ulimwambia "watu wasiosoma" mwanamke aliyeishia darasa la nne na akasomesha watoto wanne kwa mikungu ya ndizi. Hukujua, nakubali. Lakini lilimfikia pale pale alipoumizwa maisha yake yote. Na swali lake halikuwa la kijinga. Aliuliza kitu ambacho kila mwajiri mwenye akili anapaswa kukiuliza juu ya mwanamke wa miaka 29 kwenye kazi ya hatari, na wewe mwenyewe unakiuliza usiku. Kosa lake ni kukiuliza mbele ya watu kumi na tano wakila. Kosa lako ni kubwa zaidi, na wewe ni mdogo kwake.

Wewe ni mtoto wa Uru, sina haja ya kukueleza isale, jani letu Wachagga la kuombea radhi. Mwombe mama yako, au shangazi yako wa damu, akusindikize Kibosho na jani hilo mkononi, mkaombe radhi kwa utaratibu wetu. Ombi la radhi la kwenye simu halitamfikia mama yule hata ukiandika kurasa mbili. Siku hiyo iwe ya radhi peke yake. Usichanganye na nyutroni.

Kabla ya hapo pita kwa baba mdogo. Umemwandika kwenye barua yako kana kwamba alikuwa fenicha ya chumba, lakini mimi nimemwona. Mzee aliyeshika mashine mpaka kustaafu, akasikia binti anasema anachomelea stenlesi Ulaya, akanyamaza akizungusha kijiko? Yule alikuwa na maswali kumi na hakupata upenyo. Mpelekee kile kipande cha bomba. Usimweleze kitu, mpe tu mkononi. Ataweka miwani, atakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, atapitisha ukucha kwenye mshono wa ndani kutafuta penye bonde au donge. Ataangalia rangi pembeni mwa weldi, kama imebaki nyeupe au njano ya majani makavu, au kama imekuwa buluu na kijivu kwa sababu agoni haikutosha. Akimaliza hapo ndipo mtaongea, na ndiye atakayemweleza shemeji yake kwa lugha ya nyumbani kwao kwamba binti huyu ni fundi wa mabomba, na mabomba yake hayajaona moto. Neno lake litapita pale ambapo vyeti vyako vyote vimekwama. Kama wakitaka kusikia kwa mtaalamu asiyekujua, Tume ya Nguvu za Atomiki ina ofisi Njiro, Arusha. Ndio wanaosimamia usalama wa mionzi nchini, pamoja na vipimo wanavyovaa wahudumu wa eksirei. Mchumba wako aende na baba mdogo wakaulize wenyewe.

Nimebakiza lile ulilolipa mistari minne na kuliita dogo.

Ulisaini miezi 18 mwezi Oktoba. Umekula Krismasi kwao, umezungumza posa, na mtu unayetaka akuoe anaamini unarudi Machi. Mwanangu, ninavyousoma mlango ule wa Kibosho, mionzi ndiyo jina walilolipata kwa hofu nyingine ambayo hawana jina lake: binti anaenda mbali, kwenye jambo wasilolijua, na hajulikani atarudi lini. Kwenye mionzi mama yule amekosea. Kwenye hofu hii nyingine hajakosea, ila ushahidi unao wewe kwenye mkoba.

Unakumbuka kilichotokea hapo kazini kabla hujafika. Mwaka 2022 walitangaza kwamba kuna nyufa kwenye mabomba ya ngao za kuzuia joto, klorini kidogo iliyobaki karibu na weldi imekula chuma. Kingo za vipande vya chumba kikuu nazo zikaonekana hazina vipimo vinavyotakiwa ili vichomelewe pamoja. Kipande cha kwanza kilikuwa tayari kimeshateremshwa shimoni, tani zaidi ya 1,000. Mwaka 2023 wakakinyanyua, wakakirudisha nje, wakasema hadharani kwamba ratiba itasogea, na ikasogea kwa miaka. Hiyo ndiyo sababu ya kalamu yako isiyo na klorini. Wewe cha kunyanyua na kukitoa hadharani ni karatasi moja tu, mkataba wako.

Mwambie leo jioni. Usimwambie "nafikiria kuongeza mkataba", mwambie umeshasaini, na mwezi uliosaini, na kwa nini hukusema. Atakasirika, ana haki. Akishapoa mpange likizo zenu kwenye kalenda, mhesabu nauli, mwamue kama posa inasubiri au inakwenda sasa na ndoa baadaye. Kama akisema hawezi kungoja, utalia, lakini utakuwa umelia ukijua. Kuacha kazi sikushauri. Kazi hiyo umeifikia kwa miaka, na kuna jambo moja la kuhakikisha kabla ya kuondoka kule siku yoyote itakayokuwa: cheti chako cha uchomeleaji cha ISO 9606 kinahitaji saini ya mwajiri kila miezi 6 kuthibitisha kwamba bado unachomelea. Mafundi wengi wanarudi na cheti kizuri kilichokufa kwa kukosa saini mbili tatu. Kikiwa hai, hapa nyumbani viwanda vya maziwa, vya bia, vya sukari na mitambo ya gesi vyote vinahitaji mtu wa stenlesi, na utachagua mwenyewe ukae Moshi, Arusha au Tanga.

Una siku 11. Leo mchumba. Kesho daktari. Kwa baba mdogo nenda asubuhi, wazee wanachoka mchana. Radhi ifanyike kabla ya Jumapili, ili Jumapili mkutane kanisani mkiwa mmeshasalimiana.

Na huko jikoni kwake, jani likishapokelewa, usianze na habari za Ufaransa. Kaa chini, menya ndizi, muulize alikuwa akipanga mikungu yake upande gani wa soko la Mbuyuni.